Bado Vifungo Tu

9 Januari

Mdogo wangu,

Pokea salamu za kaka yako. Zimetoka nchi ya baridi, kwa hiyo zipashe moto kidogo kabla ya kuzigawa. Mimi ni mzima isipokuwa pua, ambayo haijakauka tangu nishuke kwenye ndege mwezi wa kumi. Mwambie binti yangu kwamba sweta aliyonifumia ndiyo inayoniweka hai. Naivaa ndani, juu yake shati, juu yake sweta nyingine, juu yake koti. Nikiwashwa mgongo inabidi nivumilie mpaka jioni.

Sasa sikiliza mambo ya huku, maana nimejifunza elimu ambayo shuleni hatukupewa.

Kwanza, watu wa huku wanakaribisha bila kukaribisha. Kuna mama anakaa ghorofa ya juu yangu. Tulipanda naye lifti, akaniambia, "Lazima siku moja uje kututembelea." Nikashukuru. Jumapili nikaoga, nikavaa suti yangu ya kijivu, nikanunua machungwa kumi, nikapanda. Hodi! Mlango ukafunguka upenyo wa vidole vinne, mnyororo haujatolewa. Akauliza, "Kuna tatizo?" Nikamwambia hakuna tatizo, nimekuja. "Umekuja wapi?" Hapa, mama, si ulinikaribisha? Akafikiri. Akashukuru sana. Kisha akayapokea machungwa kwa upenyo ule ule, moja moja, yote kumi, akafunga. Nilishuka na mfuko mtupu, na suti yangu imepigwa pasi bure.

Pili, nimempima mbwa. Usicheke, ni kazi. Mama mmoja, si yule jirani, alikuja dukani akitaka mnyama wake ashonewe koti lenye bitana. Nimeshona miaka ishirini na sita, nimepima mapadri, nimepima mahakimu, nimempima bwana mmoja ambaye utepe haukutosha kumzunguka, lakini sijapata kuona mteja aliyetulia namna ile. Hakuingiza tumbo ndani. Hakuniambia nimwachie nafasi kwa sababu anatarajia kunenepa.

Kazini naendelea vizuri. Tuko mafundi sita chini ya jengo kubwa la ofisi, na mimi sasa nimepewa kitengo changu peke yangu. Wananiheshimu sana.

Kuhusu lile jambo la binti uliloniandikia, nimelisikia. Jambo zito halijibiwi kwa pupa. Wateja wakiniulizia, waambie fundi yuko njiani.

Ni mimi kaka yako,
Fundi


2 Februari

Kaka,

Salamu tumezipokea na tumezipasha. Sisi wazima. Bati la chumba cha nyuma linavuja, paka amezaa tena ndani ya sanduku lako la vitambaa, na goti langu ni lile lile. Bintiyo alicheka habari ya machungwa mpaka akakaa chini, kisha akasema, "Maskini baba, na ile suti anavyoipenda."

Huyo mbwa, koti lake lilikuwa tayari siku gani? Nauliza tu. Nauliza kwa sababu mwalimu mkuu alikuja mwanzoni mwa mwezi uliopita kufuata suruali aliyokuachia mwaka juzi. Nikamwambia fundi yuko nje. Akanijibu, "Hata alipokuwa ndani alikuwa nje." Nikampa kiti, kaka.

Na hapo ndipo mimi na bintiyo tulipolifungua lile kabati unalofunga kwa ufunguo. Nguo ishirini na saba! Zote zimekatwa, zote hazijashonwa, kila moja ina karatasi yenye jina na neno "kesho". Tumezishona. Tulichukua wiki tatu. Nyingine zilikwenda kwa wenyewe, nyingine hazikupata mwili. Kaptura moja ya sare ya shule, mwenyewe alikuja kuichukua ameshika mtoto wake mkononi. Alicheka sana, akasema itamfaa huyo.

Salamu zimekwisha, sasa hilo usilotaka kulisikia.

Ni habari ya fundi wa ng'ambo ya barabara, yule uliyempa jina la Bwana Risiti kwa sababu anamwandikia kila mteja karatasi yenye siku ya kuchukua nguo, na siku hiyo nguo ipo. Wazazi wake wamekuja mara mbili kumposa bintiyo. Mara zote mbili nimewapa chai na kuwaambia kaka yangu analifikiria. Mara ya tatu naona haya, maana hata chai ina mwisho. Binti anamtaka. Amesema kwa kinywa chake, "Shangazi, namtaka, lakini siolewi baba hayupo." Tangu wifi yangu afariki, mtoto huyu amebaki na mzazi mmoja, na ndiye wewe.

Mkataba wako unakwisha mwezi wa tano. Tunaomba vitu viwili. Ndiyo au hapana. Na siku utakayorudi. Nimesema siku, kaka. Usiniandikie msimu.

Mdogo wako


27 Februari

Mdogo wangu,

Barua yako imenikuta mzima, pua nayo inaendelea. Pole kwa bati. Paka mfukuze. Kabati langu, sikumbuki kukupa ruhusa, lakini yameshapita.

Huku mambo ni yale yale ya kushangaza. Juzi nilisimama kituo cha basi nikawasalimia waliokuwepo, mmoja baada ya mwingine, kama mtu mwenye wazazi. Walikuwa saba. Wa kwanza aliitikia. Wa pili akaniambia hana pesa ndogo. Kufika wa tano, wale wawili wa mwisho walikuwa wameshaamua kutembea kwa miguu. Kesho yake nilinyamaza nikatazama viatu vyangu, na bibi mmoja akanitabasamia kwa mara ya kwanza. Kumbe adabu ya huku ni kujifanya mwenzio hayupo. Nimeshaijua, na naifanya vizuri kuliko wao.

Umenikumbusha huyo jirani yetu wa karatasi. Mdogo wangu, wewe umekulia ndani ya duka langu, unajua kazi yetu ina ustaarabu wake. Mteja ana shughuli Jumapili. Anakuja ananiambia Ijumaa. Mimi najua ni Jumapili, namwambia Alhamisi. Yeye anajua Alhamisi haipo. Basi anakuja Ijumaa kunikumbusha, Jumamosi kugomba, na Jumapili asubuhi anaondoka na nguo yake ina joto la pasi. Nani amedanganywa hapo? Hakuna! Kila mtu ameongopa kidogo, na nguo imevaliwa. Sasa mtu anayeandika tarehe kwenye karatasi na kuweka sahihi, huyo hajui kuishi na watu.

Huku wao hawaujui ustaarabu huo hata kidogo. Kuna mwenzangu mmoja hapa dukani, naye mgeni kama mimi, yamemkuta makubwa. Alikuja bwana mmoja mwezi wa kumi na moja, akataka suti, akasema Ijumaa saa tisa. Mwenzangu akahesabu, akaona basi huyu ni wa Jumatatu, akamwambia, "Ijumaa umeipata." Ijumaa saa tisa kamili bwana yule hapa, mke kwenye gari, injini inanguruma. Kitambaa hakijaguswa na mkasi. Mwenzangu hakubabaika, akamwambia lile neno letu, "Imekwisha mzee, bado vifungo tu." Unajua yule bwana alijibu nini? "Basi nipe, nitaivaa bila vifungo."

Mdogo wangu, miaka yote ya kazi hakuna mteja aliyewahi kumjibu fundi namna hiyo! Mteja mwenye malezi akiambiwa bado vifungo anaguna, anakwenda zake. Huyu alinyoosha mkono. Mwenzangu wa watu ilibidi aingie ndani na kutoka amebeba kitambaa kimekunjwa kama kilivyotoka dukani, na kamba yake. Tulimhurumia sana.

Hilo la binti bado nalipima. Wasalimie wote.

Kaka yako,
Mkuu wa Kitengo


20 Machi

Kaka,

Sisi wazima. Goti lile lile, bati tumeliziba wenyewe. Paka hatukumfukuza.

Huyo mwenzako mgeni namhurumia mimi pia. Ana kipara? Anatia chaki nyuma ya sikio? Akikaa kwenye cherehani anavua kiatu cha mguu wa kulia? Kaka, lile neno duniani lina mwenyewe. Wakati bintiyo anasoma barua kwa sauti, alipofika "bado vifungo tu" tulitazamana, akakunja karatasi, hakucheka. Ameniuliza swali moja nikuulize: huyo bwana, hiyo suti alikuwa anaendea wapi?

Na hicho kitengo chako cha peke yako ni kitengo gani ambacho mkuu ndiye huyo huyo fundi?

Sasa nikwambie ukweli wangu na usinikasirikie, na ukikasirika kasirika. Nilikaa nyuma ya pazia la duka lako miaka kumi na tano nikitoboa matundu ya vifungo. Nilimsikia kila mtu uliyemwambia kesho. Mwanamke aliyekuja kufuata nguo ya kumzikia mumewe ulimwambia kesho, na wewe unajua mazishi hayangoji. Nilinyamaza kwa sababu wewe ni kaka. Lakini walikuwa wateja. Sasa umetufanya wateja na sisi. "Jambo zito." "Nalipima." Mtoto wa kumzaa unampa kesho!

Nimekaa na wazee wa upande wa pili. Wamekubali kungoja mkataba wako wote uishe, na wamekuongezea wiki mbili za kupumzika safari. Harusi ni Jumamosi, tarehe kumi na nne Juni, saa nne asubuhi. Ukiwa na hapana, ilete sasa, mtoto alie mapema. Ukiwa na ndiyo, ilete na siku ya ndege.

Mdogo wako


15 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu chache, maana leo nimekaa nikuandikie kweli na nikianza mizaha nitapotea.

Ni mimi. Ulijua ni mimi. Baada ya siku ile mwenye duka alinipeleka chini, kwenye chumba cha mabomba ya maji ya moto, na kazi yangu tangu hapo ni kufumua. Wenzangu juu wanashona, mimi chini nafumua mapindo, nafumua zipu, nafumua mabega ya makoti ya watu waliokonda. Hicho ndicho kitengo. Kila asubuhi naletewa kapu na karatasi ya saa, na saa ikifika anakuja mtu kuchukua. Mara ya kwanza alipokuja nilimwambia bado kidogo. Akavuta kiti akakaa, akanitazama mikono mpaka nikamaliza. Hakugomba. Ningependa agombe.

Mwanangu ameuliza bwana yule alikuwa anakwenda wapi. Alikuwa anakwenda kumwoza binti yake. Nilimwona kupitia kioo akirudi kwenye gari, mkewe anamuuliza, naye anatikisa kichwa. Alikwenda na sweta. Sweta ya kijani, imetoka nyuzi kiwiko cha kushoto. Mimi fundi nilikiona kiwiko kile, na bado nakiona. Niliaibika, mdogo wangu. Nimeaibika mpaka leo, na ndiyo sababu sikuandika kwamba ni mimi.

Kwa hiyo somo langu kubwa la ughaibuni ni hili, nalo nimelipata chini ya ardhi: mtu akikutajia siku, anakutajia siku. Anayo moja tu. Nikirudi nitanunua kitabu cha risiti, na huyo jirani atanionyesha kinavyoandikwa, nitakula kiburi changu na maji.

Na kijana nimemkubali. Ndiyo. Andika ndiyo kwa herufi kubwa uwape wazee wake. Sikumkataa kwa ubaya wake. Nilimkataa kwa sababu kila mteja aliyenikimbia nilimwona kwa macho yangu akivuka ile barabara, na sikutaka mwanangu naye avuke. Ndiyo kusema nilimwonea wivu kijana wa watu, kwa sababu ya karatasi.

Mwambie binti yangu nitakuwepo, na nitamkabidhi kwa mkono wangu mwenyewe.

Kaka yako


8 Mei

Kaka,

Bintiyo amelia, lakini kilio kizuri. Barua yako anaibeba kwenye mkoba. Amemwonyesha mwenzake ile sehemu ya wivu, na kijana akasema kitabu cha risiti atakununulia yeye.

Gauni anashona mwenyewe kwenye cherehani yako. Watu wamealikwa. Kiti chako kimepangwa mbele.

Hujaandika siku ya ndege. Iandike. Tarehe kumi na nne Juni, saa nne.

Mdogo wako


1 Juni

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi sana, na za furaha! Pua imekauka. Mkataba umekwisha jana, mwenye duka amenipa mkono na mkasi mpya, na jirani wa juu, yule wa machungwa, tulipokutana kwenye lifti nikamwambia naondoka, akasema, "Lazima siku moja urudi kututembelea." Nikamwambia bila shaka. Tumeagana vizuri, maana sasa tunaongopa sawa.

Nisamehe kwa ukimya wa mwezi na nusu. Nilikuwa natafuta tiketi, na nimeipata, na bei yake ni nzuri ajabu. Naondoka huku tarehe thelathini Juni. Tarehe mosi Julai nimefika.

Tulia. Usirushe barua. Najua unasema, "Na tarehe kumi na nne je?" Mdogo wangu, mimi na wewe tumenyonya ziwa moja. Umesahau mahafali ya binti? Uliniambia Alhamisi, nikakimbia jasho linanitoka, kumbe ni Jumamosi, na ulicheka ukasema bila hivyo nisingefika. Umekaa nyuma ya lile pazia miaka kumi na tano ukiwasikiliza wateja wanavyovuta siku mbele. Umeiva! Basi nilikaa na kalenda nikapiga hesabu. Nani anafanya harusi katikati ya mwezi, watu hawajapata mshahara? Tarehe kumi na nne ni ya kunitisha mimi. Harusi yenyewe ni Jumamosi ya tarehe tano Julai, na kama sivyo, basi ni baada ya hapo. Sikosei. Ningekuja hiyo tarehe yako ningewakuta hata viti hamjaazima.

Kwa hiyo nafika siku nne nzima kabla. Hebu fikiria, mimi, siku nne kabla! Wataandika ukutani. Nimeshamnunulia binti viatu vyeupe, saizi nimekisia kwa kukumbuka miguu yake, na macho yangu kwa vipimo hayajawahi kudanganya.

Ile suti ya kijivu nimeitia vifungo vipya, vyote sita.

Kaka yako anayewahi


16 Juni

Kaka,

Barua yako ya tarehe mosi imefika leo Jumatatu. Nimeisomea dukani, nimesimama.

Sikuvuta siku mbele. Mahafali nilivuta, nakiri, na sasa najuta. Harusi sikuvuta. Nilitaka kuvuta, nilimwambia bintiyo, "Tumwambie baba yako tarehe saba." Akakataa. Akasema, "Shangazi, amesema amejifunza. Tumpe siku ya kweli." Kaka, umekaa huko miezi minane ukajifunza kuwaamini watu usiowajua hata majina, mpaka mwenye mbwa. Sisi ukatupigia hesabu.

Nikueleze ilivyokuwa, maana ni haki yako kujua, na ni haki yangu kukuumiza kidogo.

Saa nne bintiyo alikuwa amevaa. Hatukuwa na barua yako, kwa hiyo kila gari lililopunguza mwendo tulisema ni wewe. Saa tano wageni walimaliza maneno ya kusemezana. Saa sita bwana harusi mwenyewe alikuja akaniambia kwa upole tungoje tu, yeye hana haraka, na wazazi wake wamekubali. Bintiyo alikuwa amekaa chumbani juu ya sanduku, hakutaka kitanda kwa sababu ya mikunjo. Saa saba alitoka peke yake. Akaniambia, "Shangazi, simama wewe." Nikamuuliza, una hakika? Akasema ameshangoja vya kutosha kwa umri wake. Basi nilisimama mimi, na goti langu. Nilimshika mkono nikamkabidhi, na nilipoulizwa nani anamtoa binti huyu nilisema ni mimi.

Kiti chako kilibaki kitupu mpaka watu walipoanza kula. Waliogopa kukikalia. Mwishowe bibi mmoja mwenye miguu mibaya akauliza, "Hiki kina mtu?" Nikamwambia hakina.

Nilipokuwa nasoma barua hii yako, bintiyo alikuwa ameleta vyombo tulivyoazima. Nilitaka kuificha, akaiona, akaisoma yote hadi kwenye viatu. Sikujua atafanya nini. Alikaa kwenye cherehani yako, akavua kiatu cha kulia, wala hajui kama alivua. Kisha akasema nikwambie uje. Hajakukataa, wewe ni baba yake. Ila uwanja wa ndege hatakwenda kukungoja. Akisikia umeshafika, miguu yako iko chini, ndipo atakapotoka nyumbani kwake kukufuata.

Nami nimeona ni sawa.

Mdogo wako


1 Julai, uwanja wa ndege

Mdogo wangu,

Nimempa dereva wa teksi karatasi hii akuletee dukani, nimemlipa kwenda tu, nimemwambia asingoje jibu.

Barua yako niliipata siku tatu kabla ya safari. Sina la kujitetea, na nikilipata nizuie nisiliseme. Nilipokuwa kwenye ndege nilitunga maneno mengi ya kumwambia mwanangu. Nilipokanyaga chini nikaona yote yalikuwa ya fundi.

Mwambie nimefika. Niko kwenye benchi nje ya mlango wa kutokea abiria, upande wa kushoto, karibu na mizani ya mizigo. Nimevaa suti ya kijivu, viatu vyake viko mapajani. Sasa ni saa tatu na robo asubuhi.

Kama ana kazi za nyumbani kwake, azimalize kwanza. Kama mumewe ana wateja leo, asimtoe kwenye wateja. Kama hawezi leo, sitaondoka hapa kwenda popote, nimemuuliza askari wa mlangoni akasema benchi ni la wote. Asiniambie anakuja saa ngapi. Aje saa atakayotaka yeye, atanikuta.

Kaka yako